Mume wa Safari

Mwanamume akija kuposa kwenye nyumba ya mfanyabiashara, akasema hataki kitu ila binti mwenyewe, mfungieni mlango. Ama ana wazimu, ama ana lake jambo. Kila mtu hapa Ribinsk analijua hilo, hata wanaochuuza samaki gatini. Lakini Kapa wangu, pamoja na vitabu vyake vyote, hakulijua.

Mimi ni Fevronia, dada mkubwa wa Yermolai Savvich Kuzovlev, yule mwenye maghala ya unga pale gatini na kinu cha maji cha kusagia kwenye mto Cheremukha. Nilifiwa na mume mapema, sikujaliwa mtoto, nikarudi kula mkate wa mdogo wangu. Mkewe alipofariki nikamlea binti yake, Kapitolina, ambaye nyumbani tulimwita Kapa. Kwa hiyo nikisema "wangu" najua ninachosema.

Siku ile mposaji alikuwa amekaa sebuleni, jina lake Veniamin, mtoto wa shemasi, mwanafunzi wa kemia kutoka Petersburg. Vidole vilikuwa vimeunguzwa na dawa zake, koti limepauka mabegani. Yermolai akaanza kutaja, kama desturi: magodoro ya manyoya, koti la mbweha, vijiko vya fedha, samovari kubwa ya kuchemshia chai, farasi mchanga. Kwetu nyumba ya binti ndiyo inayotoa, na kazi ya mposaji ni kukunja uso na kusema havitoshi. Ndivyo watu wanavyoheshimiana.

Veniamin akasema, "Sihitaji chochote, Yermolai Savvich. Binadamu si bidhaa."

Loo! Nikamwona mdogo wangu anamtazama kijana kama anavyotazama gunia la unga lililoingia maji: hajalifungua, lakini pua imeshamwambia.

"Maneno mazuri," Yermolai akasema taratibu. "Njoo Jumapili, tuzungumze zaidi."

Maana yake: kufika Jumapili nitakuwa nimeshajua wewe ni nani.

Nikamfuata Kapa uani, tulikokuwa tukitia matango chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. Nikamwambia msichana wa kazi akachote maji, tena kisima cha mbali.

"Unampenda tangu lini huyu?"

"Tangu... tangu kiangazi kianze, Shangazi."

"Chai anakunywa na jamu au na sukari?"

Anapanga matango kwenye pipa kama vile pipa ndilo lililoulizwa.

"Ana ndugu wangapi?"

Akachukua tango jingine.

"Kapa, mimi si mtoto. Mwezi uliopita nimekuta fuvu la mtu kwenye sanduku lako la kofia, nikanyamaza. Nikajiambia, afadhali fuvu kuliko afisa wa jeshi. Lakini hili la leo sinyamazi. Sema!"

Akasema. Alisema huku ametazama chini, lakini sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa ndoa ya jina tu. Kwetu mwanamke hana hati yake ya kusafiria. Ameandikwa kwenye ya baba, na akiolewa ni ruhusa ya mume. Chuo kikuu cha Zurich, huko Uswisi, kilikuwa kimeanza kupokea wanawake kusomea udaktari. Baba yake alikuwa ameshasema atamwona kaburini kabla ya kumwona anakata maiti mbele ya wanaume. Basi wasichana wa Petersburg aliokuwa akiandikiana nao barua walimfundisha njia yao: unatafuta kijana mwaminifu, mnafunga ndoa, anakuvusha mpaka, kisha kila mtu anashika njia yake. Veniamin naye alikuwa anakwenda Zurich. Alikuwa ameshapata nafasi kwenye maabara ya kemia.

"Masomo yanaanza Oktoba, Shangazi. Nikikosa mwaka huu, Baba atanioza kwa mwingine, wa kweli. Basi, imekwisha."

"Mbele ya msalaba, Kapa! Kwenda kuapa uongo mbele ya msalaba!"

"Mama alikufa mbele ya msalaba huohuo."

Nilikuwepo mimi. Mama yake alipoanza kutokwa na damu isiyokatika, daktari aliletwa kwa sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, akasimama nyuma ya mlango, kwa sababu mke wa Kuzovlev hakuweza kuonwa na mwanamume, hata akiwa anakufa. Mgonjwa mwenyewe alikataa, akashika shuka kwa mikono miwili. Daktari akawa anauliza kutoka nje: inauma wapi, damu ya rangi gani? Mimi nikawa napeleka maswali ndani na kuleta majibu nje, ndani na nje, mpaka hakukuwa na mtu tena wa kuulizwa.

"Angekuwa mwanamke nyuma ya ule mlango," Kapa akasema, "angeingia."

Nilifuta mikono kwenye aproni. Nililia kidogo, siwezi kusema uongo. Kisha nikakasirika, maana hasira hunisaidia zaidi kuliko machozi.

"Na nani alimwambia huyo mpumbavu wako akatae mali?"

"Mimi. Sisi hatukubali watu kuuzana."

"Mkono mtupu haulambwi, wewe! Baba yako akimwona mtu hataki magodoro, anajua kuna kitu anachotaka zaidi ya magodoro. Mwambie Jumapili aje na njaa."

Jumapili nilimvizia Veniamin kwenye lango la nyuma nikampa somo lake, na nadhani hakuna profesa aliyewahi kumkaripia vile. "Akitaja godoro, uliza manyoya ya bata au ya kuku. Akitaja farasi, sema unataka kuona meno. Vijiko, uliza uzito. Ukiishiwa kabisa, taja kinu. Hakupi, lakini atakuheshimu."

"Shangazi, mimi naona aibu."

"Aibu uone ukishafika Uswisi."

Akaingia. Jasho linamtiririka, lakini akabishana. Aliuliza manyoya, aliuliza meno, akasema koti la mbweha lina kola fupi. Yermolai akaanza kuchangamka, akavuta kiti mbele. Mwishoni kijana akameza mate, akasema, "Na kinu."

"Kinu kipi?"

"Cha Cheremukha."

Mdogo wangu alicheka mpaka akatoa leso. "Sasa naona mwanamume! Kinu hupati, ng'o! Lakini binti umempata."

Nami nikafurahi, nikajiona hodari wa mbinu. Kumbe siku ile tulikuwa tumemwambia Yermolai kijana anauzwa bei gani.

Harusi ikafanyika mwanzoni mwa Septemba. Wageni wakafanya kama wanavyofanya siku zote, kugonga meza na kupiga kelele, "Chungu! Chungu!" yaani divai ni chungu, maharusi wabusiane ili ipate utamu. Wakabusiana kama watu wanaobusu picha takatifu kanisani. Gavrila, muuza samaki mkubwa wa gatini, akapiga ukelele kutoka meza ya nyuma, "Bwana harusi ana adabu huyu! Mleteeni shemasi amsomee!" Watu wakavunjika mbavu. Yermolai hakucheka. Alikuwa amekaa mbele ya sahani yake ya samaki, anawatazama.

Baada ya harusi Veniamin akasema wanakwenda Uswisi kutembea, kama watu wa kisasa. "Vizuri," Yermolai akasema, "lakini pumzikeni kwanza." Wakapumzika. Kisha farasi wakawa wanahitaji viatu vipya. Kisha mvua, njia ina tope. Kisha sherehe ya siku ya mtakatifu wa jina la binamu yetu mmoja ambaye hatujawahi kumsherehekea. Septemba ikawa inayeyuka hivihivi, na kila asubuhi Kapa anashuka kunywa chai na macho mekundu. Veniamin alikuwa analala chini karibu na jiko, juu ya ngozi ya kondoo. Mimi nilikuwa naingia mapema kuvuruga mito yote miwili kabla msichana wa kazi hajaja kutandika. Usiku kupitia ukutani nilikuwa namsikia Kapa anataja mifupa, mmoja mmoja, na kijana anamsahihisha kutoka kwenye ngozi yake ya kondoo. Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yao.

Hatimaye Yermolai mwenyewe akatangaza: Alhamisi mnaondoka, treni ya mchana. Nyumba ikachangamka. Veniamin akawa anafunga vyombo vyake vya kioo ndani ya soksi zangu za sufi, moja baada ya nyingine, anaimba kwa pua. Nikasema, ah, moyo wa baba umelainika.

Jumatano nikaenda ghalani kuchota unga wa maandazi ya njiani. Nikiwa nimeinama nyuma ya magunia nikasikia sauti ya mdogo wangu upande wa pili.

"Mimi si mjinga, Veniamin. Nilijua tangu ulipoleta ile 'binadamu si bidhaa.' Ningeweza kuivunja posa. Lakini nikawaza: nikiivunja hii, ataleta nyingine, au ataruka dirishani. Mimi haniogopi. Afadhali aolewe. Mume akisema hapana, polisi watamrudisha hata akiwa ameshafika mpakani."

"Unataka nini kwangu, Baba?"

"Kesho watu watakuja kuwaaga. Tutakaa kabla ya safari, kama desturi. Mimi nikiinuka, wote watainuka. Wewe usiinuke. Useme mbele ya watu kwamba umebadili nia, mkeo habanduki hapa. Na kinu ni chako."

Nilikuwa nimeshika kikapu cha unga kwa meno na mikono, nikisali. Sema hapana, mwanangu. Sema hapana umrushie tusi zito.

"Na ile nyumba ya kinuni, yenye bustani?" Veniamin akauliza. "Mama yangu angeipenda."

"Na nyumba."

"Nimekubali, Baba."

Niliketi sakafuni, unga wote mapajani. Mbwa yule! Nilimpa soksi zangu!

Nilimkuta Kapa chumbani anafunga kamba za sanduku. Nikamwambia yote, bila kumung'unya. Nilitegemea apige kelele, au ashuke ngazi kwenda kumkaba koo. Aliketi tu juu ya sanduku, rangi imemtoka usoni.

"Kamuulize!" nikasema. "Kamtemee mate!"

"Nikimuuliza na si kweli, nimemtukana. Na kama ni kweli, nitafanya nini, Shangazi? Sheria imeshanikabidhi kwake. Nilijua nilipokuwa nasimama kanisani. Nilitoka mkono mmoja nikaingia mwingine, nikamwomba Mungu huo wa pili uwe legevu."

"Na kama si legevu?"

"Basi nitakuwa mke wa msaga unga," akasema, na hapo ndipo sauti ikakatika. Nikamkumbatia.

Kesho yake asubuhi nilijaribu kumpata Veniamin peke yake nimpe vidonge vyake, lakini alinikwepa. Nikimkuta barazani, anaingia sebuleni. Nikiingia sebuleni, yuko kwa farasi. Mwenye hatia ndivyo alivyo, nikajiambia.

Watu wakaja: Padri Averki aliyewafungisha ndoa, Gavrila na mkewe, na wafanyabiashara kadhaa wa gatini ambao Yermolai ananunua kwao nafaka na kuwauzia unga. Nje gari la farasi lilikuwa tayari, mizigo imefungwa, Zakhari mwendesha farasi ameshashika hatamu. Yermolai akasema, "Tuketi."

Tukaketi. Kwetu hakuna anayeanza safari bila kukaa kidogo kimya, na hakuna anayesema wala kuinuka kabla ya mwenye nyumba. Kila mtu alipata pa kukaa, wengine kwenye viti, wengine kwenye masanduku. Kapa alikuwa karibu na mlango, ameshavaa koti, begi lake mapajani. Veniamin alikuwa chini ya picha takatifu, mikono juu ya magoti. Nilimkazia macho ili angalau aone aibu, naye akatazama mbao za sakafu. Kwa kawaida kukaa huko ni kwa kufumba na kufumbua. Siku ile Yermolai alikaa. Akakaa. Nilisikia farasi wanapiga kwato nje, na mke wa Gavrila anapumua kwa pua yenye mafua. Nusura nipige kelele.

Yermolai akainuka. "Twende na Mungu," akasema, akajipiga ishara ya msalaba.

Tukainuka wote. Veniamin hakuinuka.

Kapa alimwona. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukijifunga vile.

"Mkwe wangu," Yermolai akasema kwa sauti ya asali, "mbona umekaa?"

"Nimekaa, Baba."

"Basi sema, watu wasikie."

Kijana alikuwa mweupe kama chokaa. Akaramba midomo. "Kabla sijasema, nataka kuuliza, nisije nikakosea. Mimi ni mtoto wa shemasi, mambo ya nyumba kubwa siyajui. Neno juu ya Kapitolina ni lako au ni langu?"

Yermolai akajivuna, akawatazama wenzake wa gatini. "Lako! Nilimtoa kanisani mbele ya hawahawa. Akae, aondoke, apande, ashuke, ni juu ya mumewe. Mimi sina neno tena."

"Hata nikiamua jambo ambalo wengine hawalipendi?"

"Hata wasipende! Apende asipende mtu, mume ameshasema." Alikuwa anamtazama Kapa akisema hivyo. "Na neno la Kuzovlev ni moja. Waulize hawa. Kuna siku nimetoa neno nikalirudisha?"

"Haijatokea," Gavrila akasema.

"Haijatokea," wakaitikia wengine, na Padri Averki akatikisa kichwa, ndevu zikapanda na kushuka.

"Basi neno langu ni hili," Veniamin akasema. "Mke wangu anakwenda Zurich kusomea udaktari. Leo." Akatia mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Ruhusa yake hii. Nilimchukulia hati yake mwenyewe, mbali na yangu, ina muhuri wa polisi."

Jamani! Nilishika meza. Mtoto huyu nimemtukana ukoo mzima, kumbe alikuwa amekaa pale anamchimbia mdogo wangu shimo kwa jembe la mdogo wangu mwenyewe! Nilitaka kumbusu na kumzaba kibao kwa pamoja.

Shingo ya Yermolai ilianza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. Akapiga hatua moja. Mkono ukainuka. Hakuna aliyethubutu kukohoa, isipokuwa Gavrila, ambaye mdomo wake haujawahi kumtii mwenyewe.

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama, Yermolai Savvich."

Gatini kwetu hatuandikiani. Mtu anasema nitaleta magunia, analeta. Anayelirudisha neno lake leo, kesho hauziwi hata punje. Yermolai alijua, na wote waliokuwa pale walijua kwamba anajua. Mkono ukashuka polepole.

"Aende," akasema.

Kapa akatoa pumzi iliyosikika chumba kizima. Veniamin akainuka, anacheka kama mtoto, akaokota begi lake lenye vile vioo vyake.

"Wewe wapi?" Yermolai akamuuliza.

"Treni, Baba. Tunachelewa."

"Nimesema aende. Yeye. Wewe jana ghalani uliniambia nini?"

Kicheko kikamwisha kijana.

"Uliniambia umekubali. Umekaa, na watu wamekuona umekaa. Kinu nimekupa, na nyumba ya mama yako nimekupa, sirudishi. Mimi neno langu nimelishika, nalo linaniunguza tumbo. Lako je?" Alikuwa haongei kwa sauti kubwa. Afadhali angepiga kelele. "Ukitoka kwenye mlango huu wewe ni mwongo, na neno nililompa mwongo halinifungi. Zakhari anafungua farasi sasa hivi, na mkuu wa polisi nitakula naye chakula cha jioni. Ukikaa, binti anaondoka. Utasaga unga mpaka arudi na hicho cheti chake. Ahadi ni deni, mtoto wa shemasi."

Nilimtazama Padri, nikamtazama Gavrila. Hakuna aliyefungua kinywa. Hawakuweza, maana kwa sheria ya gatini Yermolai alikuwa na haki.

"Hapana," Kapa akasema. "Twende wote, au tusiende."

"Kapa, treni..." Veniamin akasema.

"Una nafasi kule! Umeisubiri mwaka mzima!"

Veniamin alikuwa bado ameshika begi. Niliona anavyolishika, kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyepakata mtoto wa mwenzake. Akalitazama. Kisha akamtazama Kapa, na nikajua, mimi mwanamke mtu mzima, kwamba ndoa ile ilikuwa ya jina kwa mmoja wao tu.

"Nafasi yangu atapewa mwingine," akasema. "Wanaume wa kuijaza wako tele. Ya kwako itajazwa na nani?"

Akaliweka begi chini taratibu. Akakaa.

Hapo Padri Averki akapata ulimi, Mungu amsamehe. "Lakini mwanamke peke yake, njia yote hiyo, Yermolai Savvich... haipendezi. Hakuna mtu wa heshima atakayempa hata chumba."

"Kweli," Yermolai akasema haraka, na nikaona uhai unamrudia usoni. "Kweli kabisa. Peke yake hawezi."

"Peke yake wapi?" nikasema. "Mimi ni kabati?"

"Dada, kaa chini."

"Nimeshakaa sana, Yermolai. Kila siku nakaa. Marehemu mume wangu hakuniachia kitu, lakini mjane ana hati yake mwenyewe na haombi mtu ruhusa. Ndiyo faida pekee niliyoipata kwa kufiwa, na leo naitumia."

"Ukitoka na yeye, mkate wangu usiutegemee tena."

"Mkate wako ulikuwa mkavu siku zote," nikasema. Si kweli, ulikuwa mkate mzuri. Yule ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni. Lakini nilikuwa nimepeleka maswali ndani na nje ya mlango ule mara moja, na nilikuwa siwezi kufa nikiwa nimefanya hivyo mara ya pili. Nikamshika Kapa mkono. Nilikuwa na viatu vya ndani miguuni.

Kapa hakwenda mlangoni. Alikwenda kwanza pale chini ya picha takatifu, akapiga magoti mbele ya Veniamin, akaweka paji la uso kwenye ile mikono yake iliyoungua. Hakuna aliyepiga kelele ya kuchekesha, hata Gavrila. Kijana akamwinua.

"Nenda," akamwambia. "Nenda, utachelewa. Usisahau mifupa ya kifundo cha mkono, unaichanganya siku zote."

Yermolai alikuwa amegeukia dirisha. Hakututazama tulipopita.

Treni tuliikuta imeshapiga kengele. Mpaka leo sijui Zakhari aliwafanya nini wale farasi. Kapa alibandika uso kwenye kioo mpaka minara ya kanisa ikapotea, na mabomba ya moshi ya meli, na baadaye hata mashamba ya watu tunaowajua. Alilia bila sauti. Mimi nililia kwa sauti, abiria wakatuhamia mbali, na sikujali hata kidogo.

Nilipochoka kulia nikamuuliza, "Masomo yenyewe ni miaka mingapi?"

"Mitano."

"Mitano! Na kila mtu ni mitano?"

"Kila mtu, Shangazi."

Reli ikawa inagonga chini yetu. Kapa akafuta uso kwa mkono wa koti, akafungua begi, akatoa kitabu cha anatomia, akakiweka magotini.

"Mimi nitamaliza kwa mitatu," akasema, akaanza kusoma.